Mkono wa Mjomba Shihab

Ghubra, Oman, 3 Novemba 2024

Mjomba wangu Shihab,

Shikamoo. Natumai ulifika Perth salama. Sisi hatujambo, Alhamdulillah. Bibi anakohoa, lakini ukimwambia azime kiyoyozi anakuwa mkali.

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Kaka Aflah anaoa mwisho wa Januari, na Bibi amesema usialikwe. Wewe, mwanawe mwenyewe! Ni kwa sababu ya siku ile ulipotutembelea, kwenye majlisi ya wageni kule Sib. Ulikunywa finjani moja ya kahawa, ukaitikisa, binamu Aws akaichukua, nawe ukamtazama kama mtu aliyedhulumiwa. Ulipoinuka ukapepesuka, ukamvua Ami Humam kilemba. Tangu hapo Aws anasema, "Kahawa yetu haimtoshi yule, kazoea chupa." Watu wanacheka. Mimi huinamia kitabu changu.

Skuli nilijisifu kuwa mjomba wangu ni bingwa wa mpira Australia. Sasa naona haya hata kukutaja. Niwie radhi kwa kuuliza: ulikuwa umelewa?

Mpwa wako,
Hajar

Perth, 24 Novemba 2024

Hajar, mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kwa kiasi changu. Naandika kwa kidole kimoja, ndiyo maana nimechelewa. La, si kweli. Nimechelewa kwa kuona haya.

Sijaonja ulevi maishani. Nilikuja huku kwa ami yangu nikiwa mdogo kama wewe, nikaupenda mpira wao wenye umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Sifa yangu ilikuwa kuruka: nampanda mtu mabegani kwa magoti, naudaka mpira juu ya kichwa chake. Nikapewa medali ya mchezaji bora wa ligi. Lakini apandaye hushuka, na mimi mara nyingi nilishukia kichwa. Nikiinuka naendelea, maana watu wanashangilia. Sasa daktari anasema ubongo umeumia. Mkono unatetemeka, miguu hainisikii, na jina la jirani yangu nalitafuta kila asubuhi.

Finjani ile sikuitikisa; mkono ulitikisika wenyewe. Najua kwetu anayetikisa finjani ametosheka. Nilikuwa bado nna hamu ya kahawa, nikaona haya kusema.

Usimwambie mama, bibi yako. Mlevi hutubu, watu wakasahau. Hili langu halina toba. Bora anione mlevi kuliko kuniona nimevunjika.

Mjomba wako,
Shihab

Ghubra, 29 Disemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Joto la huko vipi? Kwetu sasa ni baridi nzuri, na kikohozi cha Bibi kimepungua.

Nimekuasi. Ijumaa tulikula wote kwa Bibi. Aws akasimama kuigiza unavyopepesuka. Wote walicheka isipokuwa Bibi, aliyekuwa anatazama sinia ya wali. Wewe unanijua, hata nikiambiwa nisome mbele ya darasa sauti hunikauka. Nikasema, "Hakulewa. Ni mgonjwa."

"Ewe Hajar," Aws akasema, "leo umepata ulimi?"

Nikayasema yote, ya mpira, ya kichwa, ya finjani, kwa sauti ndogo mpaka Ami Humam akasema, "Rudia, mwanangu, sikusikia." Kurudia ndiko kulikoniliza. Aws alitoka nje bila viatu.

Bibi aliinuka. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku ile hasemi nami. Uliniamini, nami sijui kama nimekutetea au nimekuuza. Ukinyamaza, nitaelewa.

Mpwa wako,
Hajar

Perth, 16 Januari 2025

Hajar, mwanangu,

Marahaba, ingawa imechelewa. Nijulie hali za wote hapo nyumbani. Nilikukasirikia, sikufichi.

Jana mama kanipigia simu. Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia, wala hakutaja ugonjwa wala harusi. Kauliza, "Vifungo vya shati nani anakufunga?"

Nikasema nafunga mwenyewe.

Kanyamaza. Kimya cha mama unakijua. Nikasema, "Mama, sifungi. Nnavaa fulana tu."

"Basi njoo," kasema. "N'takuvisha kanzu mimi, kabla watu hawajaamka."

Nna miaka hamsini na tatu, Hajar. Viwanja vizima vilisimama kwa ajili yangu, na sasa nakuja kuvishwa kama mtoto. Haya haijanitoka. Tiketi nimekata hivyo hivyo.

Mjomba wako,
Shihab