Goti Langu na Gurudumu Kubwa

Jumapili, baada ya misa

Tena goti langu! Ngoie, binti yetu, anapanga likizo ya familia kwenye bustani ya michezo huko Zambia. Ametugawa mafungu: watoto kwenye maji, vijana kwenye mashine za kasi, mimi na mama yake kivulini.

"Juu ya goti ya papa," alisema, akieleza kwa nini mimi baba yake nikae kivulini.

Goti hilo halijawahi kuuma. Miaka mingi iliyopita, tukiwa njiani kwenda bustani hiyo hiyo, niliwarudisha wote kutoka mpakani Kasumbalesa nikichechemea, kwa sababu niliogopa kupanda gurudumu kubwa la kuwazungusha watu juu angani, ambalo mke wangu alilitamani sana. Sasa moyo wangu umechoka, na sitaki kufa na uongo ule. Leo, Ngoie alipotoka, nilimwungamia mama yake.

Hakukasirika hata kidogo. "Baba Ngoie, minajua. Asubui goti ilikuwa ya kushoto. Kufika ku mupaka, ikakuwa ya kuume!"

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuhurumia. Ulikuwa unatetemeka."

Kisha akachukua kalamu, akafuta majina yetu kwenye fungu la kivuli katika orodha ya Ngoie, akayaandika upya chini ya neno "gurudumu". Lake kwanza.

Nimekubali. Gurudumu lile bado naliogopa kuliko kifo.