Chujio la Manjano

Mdogo wangu mpendwa,

Sweta la mtoto limefika na limemkaa vizuri. Kuku wetu mwekundu ametotoa saba.

Jana shemeji yako alisahau nyumbani chupa yake ya manjano, ile dawa ya bizari uliyotuandikia kwamba watafiti waliwapa panya, ikawakinga mapafu na vumbi. Nikampelekea mwenyewe karakana. Mashine za kukata mawe zinanguruma, vumbi jeupe limetanda, na wanaume wote pua wazi! Nikauliza barakoa ziko wapi. Fundi mkuu akanionyesha huku akicheka: zimefungwa juu ya sufuria, zimegeuka njano. Wanachujia manjano!

"Shemeji, kinga tunainywa," akasema. "Ya nini kuivaa tena usoni?"

"Nani kawaambia?"

"Mumeo. Kasema wewe ndiye uliyemsomea barua."

Nilirudi mbio kuitafuta barua yako. Mstari wa mwisho umeandika waziwazi: "Ila panya si watu, dada. Barakoa asiivue hata siku moja." Siku ile nikimsomea, sufuria ilikuwa inafurika jikoni, nikaikunja karatasi kabla sijafika hapo.

Mwaka mzima bila barakoa, mdogo wangu! Na kikohozi chake mimi nakiita mafua.

Leo asubuhi nimemsomea mstari ule. Alikohoa mara mbili kabla sijaumaliza.

Tafadhali, hii isome mpaka chini.

Dada yako