Mpaka Arushe Miwili

San Pedro de Macorís,
Jumapili asubuhi.

Mdogo wangu Eladio,

Pokea salamu za dada yako Nereyda, zimekunjwa pamoja na soksi zako safi. Natumaini goti limeacha kukusumbua, umelala, na umekula kitu zaidi ya zile biskuti zako za wasiwasi. Huku nyumbani tunaendelea. Presha ya Mama imetulia; tangu alfajiri yuko mbele ya picha ya Bikira wa Altagracia, anamtajia jina lako, na asije akakosea mtu, anamtajia na namba ya jezi. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma.

Usishangae kupata barua. Simu zenu zilikusanywa tangu fainali za besiboli zianze ili watu wa kubeti wasiwafikie, na ukifika mwisho wa barua hii utaona kwamba viongozi wenu hawakukosea. Nimemwomba Doña Bienvenida, anayewafulia jezi, aichomeke mahali ambapo mkono wako utafika kabla ya saa kumi. Ameapa hataisoma. Hata hivyo bila miwani hasomi, na miwani nimehakikisha ameisahau kwangu.

Najua leo ni leo. Wale Wajapani wawili wanaotafuta wachezaji watakaa nyuma ya wavu na kalamu zao, na ulimwambia Mama kwamba ukicheza tena kama Jumanne watarudi kwao na jina la mtu mwingine. Tangu timu ya Wamarekani ikuache mwezi wa nne umebaki na bodaboda ya kukodi na fainali hii. Una miaka ishirini na saba. Hakuna atakayekuja kukutazama ukiwa na ishirini na nane. Haya yote nayajua, ndiyo maana naandika.

Nianze na daftari langu, lile la jalada la kijani ulilokuwa ukinicheka nalo. Wanaume wa dukani kwa Cirilo wanabeti timu. Wanapenda rangi, wanapenda kelele, halafu jioni wanachana mikeka na kumlaani mwamuzi. Mimi timu sizijui. Natazama watu wawili tu: anayeanza kurusha na anayesimama kupiga. Huyu anatumia mkono gani, akichoka anakimbilia mpira gani, na yule akiuona mpira huo hufanya nini. Miaka minne nimeandika. Cherehani ya Mama imetulisha, lakini ukweli ni kwamba daftari nalo lilinunua paa.

Sasa, Jumatatu iliyopita nilienda kwa Cirilo kununua soseji ya salami. Pale kwenye meza ya domino walikuwa wanabishania mechi ya kesho yake, Wascar Polonia wa timu pinzani anarusha, wewe ni mpigaji wa tatu. Wote walisema utamchakaza. Nilikuwa najua wana sababu, maana hata daftari lilionyesha mmekutana mara kumi na moja na umempiga mara tano, ambazo ni nyingi kwa mrushaji yeyote. Ningelipa salami nikaenda zangu. Lakini Don Fausto akaniuliza kama daftari langu ni la besiboli au la hesabu za vifungo, na wenzake wakacheka mpaka vipande vya domino vikaanguka. Unanijua, Eladio. Mimi nikidharauliwa, akili inatoka nje kwanza, mimi nafuata.

Nikaweka salami mezani. Nikawaambia Wascar hakujui, ila mimi nakujua. Nikawaambia ni mimi niliyekurushia vizibo vya madumu ya maji pale uani tangu una miaka sita, wewe na fimbo ya ufagio, na kwamba kizibo chochote ulikipiga, isipokuwa kimoja: kile cha polepole kinachokuja usawa wa goti kana kwamba ni zawadi, kisha kinazama. Hicho hukukiacha hata siku moja. Ulikuwa unalia na bado unakifuata. Nikawaambia na leo ukubwani uko vile vile, ni vile tu hakuna mrushaji aliyekuwa na subira ya kujaribu mara tatu mfululizo. Hakuna aliyecheka tena. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu kama malkia, salami nimeiacha pale pale mezani.

Jumanne unaijua kuliko mimi. Mara tatu ulisimama mbele ya Wascar, mara tatu akakutoa kwa kukukosesha, fimbo ikikata hewa mara tatu kila zamu, na kila mara kwa mpira ule ule wa goti. Katika kurasa zote za daftari hakuwahi kukurushia huo. Nilikaa jukwaani nikaandika, na nikajisemea kwamba kijana ameiva, amekugundua mwenyewe. Nilijisemea hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe.

Jana mchana Don Fausto akaja mlangoni na mkungu mzima wa ndizi. Mama akamkaribisha kahawa. Akakataa kukaa, akaniambia mimi, taratibu, kofia mkononi:

"Mwanangu wa ubatizo anakushukuru sana, binti. Anasema umemfundisha kwa siku moja kuliko makocha kwa mwaka."

Mwanawe wa ubatizo ni Wascar. Eladio, nilikuwepo kanisani siku ile! Nilishona mimi ile kanzu nyeupe aliyobatizwa nayo, na mkono wake mmoja uliogoma kuingia ulikuwa huo huo wa kushoto anaorushia. Mji huu hakuna asiyekuwa baba wa ubatizo wa mtu, na mimi nilikwenda kufungua mdomo mbele ya baba yake wa ubatizo. Hakuniibia. Nilimpa, tena bure, mbele ya mashahidi.

Mama alifurahi na zile ndizi. Alizichemsha, akaziponda na vitunguu, akanipakulia, akasema Mungu ambariki Don Fausto kwa kutukumbuka wakati wa fainali. Nikala. Ningefanyaje? Mchuma janga hula na wa kwao, ila Mama hajui alichokula.

Basi nisikilize, maana leo Wascar ndiye anayeanza. Atakurushia wa goti tangu mpira wa kwanza. Kwa nini abadilishe? Ukiufuata, umekwisha. Ukiuacha, unazama chini ya goti na mwamuzi anauhesabu mbovu; ikifika minne mibovu, unakwenda kituo cha kwanza bure. Akishakuwa na miwili mibovu atatoka jasho, maana hana nidhamu ya kurusha wa tatu. Mara tisa kati ya kumi anaupandisha wa kasi, usawa wa mkanda. Hiyo imo kwenye daftari, na hiyo sikumwambia mtu. Huo ndio wako.

Najua utasema ni rahisi kusema. Kumbuka ulipokuwa na miaka tisa nilivyokunyang'anya ule ufagio kwa wiki nzima. Nikarusha vizibo, wewe umesimama mikono mitupu unavitazama vikipita. Ulinichukia. Siku ya saba ukaniambia, "Dada, kumbe kinazama chenyewe." Leo ukifika pale, fanya kama nimekunyang'anya tena. Mpaka arushe miwili, fimbo iko kwangu.

Nimebakisha neno moja, na nimelizunguka ukurasa mzima. Ningeweza kulificha ukanishukuru, lakini sitaki shukrani za wizi.

Jumanne niliweka mkeka kwamba Wascar atawatoa saba au zaidi kwa kuwakosesha. Aliwatoa mara nane. Tatu kati ya hizo ni zako peke yako. Wakati unatembea kichwa chini kurudi kwenye benchi, mimi moyoni nilikuwa nahesabu, na nilipofika saba nilifurahi. Nisamehe. Nilifurahi kweli. Na Ijumaa nikarudia. Nilichukua cherehani ya Mama, nikamwambia inakwenda kutiwa mafuta, nikaiweka rehani, na pesa yote nikaiweka juu ya Wascar, saba tena, leo. Cherehani ile iliyokushonea jezi yako ya kwanza kwa mfuko wa unga. Jana, baada ya Don Fausto kuondoka, nilikimbia kibanda cha kubeti kuomba wanirudishie. Mwenye kibanda akanicheka, akasema mkeka si nguo, haurudishwi kwa kuwa umekubana.

Nimepiga hesabu usiniulize mara ngapi. Bila zile mara tatu zako, Wascar hafiki saba. Ukinisikia, cherehani imekwenda, na jioni ya leo nitapiga magoti mbele ya Mama nimweleze. Usiposikia, cherehani inarudi na Mama hatajua kitu mpaka kufa.

Acha wa goti, Eladio. Nakuomba.

Mama anakusalimu, anasema ufunge medali ya Bikira ndani ya soksi ya kushoto, si ya kulia. Cirilo na wote wa dukani wanakusalimu, hata waliobeti kinyume chako, ambao sasa unajua mmoja wao. Nitakuwa jukwaani upande wa kushoto, safu ya chini. Ukipiga ule wa kasi, ukasikia uwanja mzima unashangilia na mwanamke mmoja analia, usigeuke kutazama. Hayo ni ya cherehani. Wewe kimbia.

Ni mimi dada yako, mrushaji wako wa kwanza,

Nereyda