Majora Arobaini ya Don Eleuterio

Nuevo Laredo, 4 Machi 1997

Mdogo wangu Nereida,

Hujambo huko mji mkuu? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini tamale za unga wa mahindi bado anazifunga mwenyewe kwenye maganda, hataki msaada wa mtu.

Mzigo wa mteja wangu Don Eleuterio umezuiwa forodhani siku ya tisa leo: majora arobaini ya kile kitambaa kinene cha kutia ndani ya milango ya magari, kizuie joto na kelele. Kwenye tamko la forodha nimekiandika kipuri cha gari. Forodha wamepeleka kipande kwenye maabara yenu, na Don Eleuterio ameanza kuulizia wakala mwingine.

Nasikia faili liko mezani kwako. Haya, umefurahi? Baba akileta kitambaa nyumbani alikuwa ananipita mimi mkubwa, anakuweka wewe mkononi: "Hebu Nere atuambie ni nini."

Dada yako,
Obdulia

Mexico City, 19 Machi 1997

Dada Obdulia, shikamoo.

Mpe Mama pole ya magoti. Nilipoona jina lako nilimkabidhi mwenzangu faili. Uamuzi ni wake, na umetoka jana.

Kitambaa chako hakikufumwa. Ni nyuzi zilizotandazwa zikashikanishwa kwa joto. Kingekuja kimekatwa umbo la mlango, ungeweza kutetea neno kipuri. Kimekuja jora zima, mtu anaweza kukatia hata godoro. Basi ni kitambaa kisichofumwa, kiende kwenye gari kisiende. Kasahihishe tamko mapema.

Na la Baba: mimi alinipa vitambaa, wewe akakupa ofisi yake ya uwakala. Nililia wiki nzima. Hukuniuliza kama nami naitaka.

Mdogo wako,
Nereida

Nuevo Laredo, 27 Aprili 1997

Nereida,

Natumaini u mzima. Nimekawia kwa hasira, si kwa kazi.

Nilikwenda bohari, nikafungua jora, nikavuta kwa vidole. Likachambuka kama pamba. Nikasahihisha, mzigo ukatoka. Nikamwambia Don Eleuterio ni wewe uliyenielekeza, nikijiona mwema.

Ijumaa alirudi. "Mwite huyo mdogo wako mfanye kazi pamoja," akasema, "nami nitawaletea viwanda vyote ninavyovijua." Nikamjibu kwamba hapa hutaki hata kupasikia.

Sikukuuliza. Mama ndiye aliyenikalisha niandike. Kijicho bado ninacho, sikufichi. Lakini sasa nakuuliza: utakuja?

Ukija, kwenye kibao cha ofisi jina langu litatangulia.

Dada yako,
Obdulia