Pale Palipokuwa Jiko la Mama

Uriri, Jumapili

Shemeji Oliver, huko Takawiri,

Watoto wako sawa, na mvua imeanza. Mawe yako ya kujengea yamefika, nimeyaacha langoni.

Tangu tumzike kaka yako nalima peke yangu, na nimechoka. Mahindi yakifika magotini yanageuka manjano. Afisa wa kilimo alipima udongo akasema una asidi nyingi, mbolea ya dukani imeuchosha, unataka chokaa. Chokaa nitatoa wapi?

Pale tu unapotaka kujenga, palipokuwa jiko la mama yenu, mahindi yamenipita kichwa. Afisa anasema majivu ya kuni zake ndiyo yaliyopunguza asidi.

Jenga kwingine, shemeji. Hapo mama bado anatupikia.

Ni mimi,
Edith