Mchungaji Aliyesahau Fisi

Shemeji, Pakiteng wangu,

Karatu leo ni baridi hasa. Ukungu umeshuka kutoka kreta mpaka mlangoni pa gereji, na mafundi wangu wamejifunika kama wagonjwa. Nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha lile gari bovu lililokuwa studio yetu, nakuandikia. Jina lako sitaliandika. Dada yako kanikumbusha kwamba kwenu jina la aliyetangulia halitajwi hovyo, na unajua mimi nikigombana na dada yako huwa sitoki mzima. Basi nitakuita Shemeji, nitakuita Pakiteng, na wewe utajua ni wewe.

Naandika kwa sababu kalamu haina kigugumizi. Mdomo wangu unacho tangu utotoni, na sasa kuna jambo linalotaka mdomo. Watu wanataka kipindi chetu kirudi. "Mezani na Mashemeji" kimekaa kimya tangu ulipoondoka, huu mwaka wa pili, na haipiti wiki bila mtu kuuliza kwenye kundi letu la simu. Madereva wa watalii wanauliza wakiwa kwenye foleni ya geti la hifadhi. Yule mama wa vitunguu wa Mang'ola, ambaye hatujawahi kumwona sura, kaandika juzi: "Fundi, mmetususa?" Dada yako naye kanisimamia kichwani: "Kipindi kilikuwa cha watu wawili. Mmoja bado yupo. Anangoja nini?"

Rahisi kwake kusema. Msemaji ulikuwa wewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza simu na kucheka pembeni. Nitasema nini mimi mbele ya watu wote hao, na maneno yenyewe yanatoka nusu nusu? Ndiyo maana nimekuja kukuomba ruhusa nilifunge kundi, tushukuru Mungu kwa tuliyoyapata, yaishe kwa heshima.

Na tulipata mengi, Shemeji. Unakumbuka lile boksi? Ulikuwa mlinzi pale lodge, mgeni akasahau chumbani boksi la askari wadogo wa plastiki, dadu, na kitabu kinene cha Kiingereza. Meneja akalitunza miezi, mwenyewe hakulidai, akakupa wewe. Ukaniletea gereji umelibeba kwapani. "Shemeji, wewe umefika kidato cha nne. Hebu tuambie hawa watu wadogo wanafanya nini."

Jumapili tatu nzima tulikisoma kile kitabu. Kurasa na kurasa za nani anampiga nani kwa umbali gani. Ya tatu ukakifunga kwa kishindo. "Vita gani hii haina hata ng'ombe mmoja? Sasa hawa wanapigania nini?"

Hapo ndipo mchezo wetu ulipozaliwa. Wewe utotoni Soitsambu ulichunga kokoto ukiziita ng'ombe. Mimi kwetu Uiraqwni nilifinyanga wangu kwa udongo, nikawaanika juani. Tukaona lugha ni moja. Ukachonga kwa kisu chako ukiwa lindoni, kutoka vipande vya mzeituni pori, ng'ombe wasiozidi kidole gumba. Mimi nikatengeneza uwanja juu ya mlango wa kabati: udongo mwekundu na gundi ya mbao, korongo moja, miiba ya kweli kwenye maboma, na mfuniko wa sufuria kuwa bwawa. Kila mtu ng'ombe kumi na wawili, wachungaji watatu, mbwa mmoja na fisi mmoja. Unarusha dadu, unawapeleka ng'ombe wako majini na kuwarudisha, na huku fisi wako anawawinda wa mwenzako. Atakayefikisha wengi bomani ndiye mshindi. Mtoto wa darasa la pili anaelewa.

Wa kwanza kumchonga, dume mwenye pembe moja iliyopinda, ulinipa mimi. Ukasema kwenu mtu akikupa ng'ombe dume, majina yenu mnayaweka kando, mnaitana Pakiteng mpaka mwisho. Nikakwambia, "Lakini hu-hu-huyu si wa mti?"

"Ndiyo uzuri wake. Hatakula mahindi yako."

Tangu siku hiyo hukuniita jina langu tena.

Kipindi chenyewe hatukukipanga. Dereva mmoja aliyeleta gari kubadilishwa spring alitukuta tunabishana, akaturekodi kwa simu, akawatumia wenzake. Wiki iliyofuata wakataka tena. Tukahamia ndani ya gari bovu, vioo juu, mablanketi mlangoni kuzuia kelele za nyundo, na podikasti ikawa podikasti. Sikujua kama watu wanaweza kukaa kimya kusikiliza wanaume wawili wazima wakisimulia ng'ombe wa mti.

Halafu ikaja siku ile ya waongoza watalii. Walikuja watano kutazama, na mmoja akanisogezea simu mimi mshindi nieleze nimeshindaje. Nikakwama kwenye "ng'ombe". Ng-ng-ng, haitoki. Nyuma mmoja akacheka, akamfinya mwenzake. Wewe ukaichukua simu taratibu ukaizima. "Jamani, chaji imekwisha." Chaji ilikuwa imejaa, niliiona kwa macho yangu.

Wiki iliyofuata ukaja na sheria mpya: kuanzia leo aliyeshindwa ndiye anayesimulia, mshindi ananyamaza. Nikauliza kwa nini. "Mshindi akisimulia, uongo unanenepa." Nikaona umesema la maana, nikakubali.

Tangu hapo ukaanza kushindwa. Ee Mungu wangu, ulishindwa! Na ulivyojua kusimulia kushindwa kwako! "Wapendwa, mimi mtoto wa Soitsambu nimeaibika tena. Nilifika majini salama. Ng'ombe wakanywa wakashiba. Nikasema nipumzike kidogo. Nikasahau fisi." Madereva wakaokota hilo neno. Mtu akipata pancha porini hana spea, anapiga simu: "Jamani, nimesahau fisi." Mimi nilivimba kichwa, usiseme. Niliwatambia kaka zangu kwamba Mwiraqw anamshinda Mmasai kwa ng'ombe, na wewe ukanijibu mbele ya watu, "Nyie mliochimba nyumba chini ya ardhi mkitukimbia, leo ndio wa kutufundisha kuchunga?" Tukacheka mpaka dada yako akaja kuona kama kuna heri.

Mechi ya mwisho hatukuimaliza. Likizo yako ilikuwa imefika, gari la Loliondo linakungoja barabarani, na mimi nilikuwa naongoza kwa ng'ombe watatu. Ukavua shuka yako kuukuu ukaufunika uwanja wote. "Usiguse. Nikirudi tunamalizia, na safari hii utasimulia wewe."

"L-labda ndotoni," nikakwambia.

Homa ikakukuta huko nyumbani, na mimi nilifika Soitsambu nikiwa nimechelewa. Uwanja uko nyuma ya gereji mpaka leo, chini ya shuka yako. Sijaugusa.

*

Niliishia hapo Jumanne. Leo ni Jumamosi, na yale maombi yangu ya kufunga kundi yafute.

Iko hivi. Dada yako alisema kama nafunga, basi kwanza nisikilize vipindi vyote nivihifadhi mahali pamoja, watoto wako wakikua wakusikie. Hilo sikuweza kulikataa. Nikaweka simu juu ya tairi, nikaingia chini ya gari la watu na spana yangu, nikakusikiliza. Siku ya kwanza nililia, sikufichi. Mafuta machafu yalinidondokea usoni nikayaacha.

Kipindi cha kwanza chini ya sheria yako, ulisahau fisi. Cha pili, ukasahau. Cha tatu ulimkumbuka, ukamhamisha mbwa bila sababu yoyote, ukaliwa saba. Nilipofika cha nane nikatoka chini ya gari nikakaa sakafuni.

Wewe? Usahau fisi? Wewe uliyelala na ndama kabla hujang'oka meno ya utoto? Pale lodge wageni walikuwa wakisikia upepo, wewe unawaambia fisi wako wangapi na wanaelekea wapi! Mtoto wa mkulima kama mimi anaweza kusahau fisi. Mchungaji wa Soitsambu anasahauje fisi kila Jumapili?

Nikaenda nyumbani mchana huo huo na ovaroli yangu. Dada yako alikuwa anamimina maziwa kwenye kibuyu, hata kichwa hakuinua.

"Ndiyo umejua leo? Kaka yangu hajawahi kusahau fisi maisha yake yote."

"K-k-kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie uache kucheza? Alisema siku akikuona uko tayari, atakushinda. Nilikuwa nangoja ujue mwenyewe."

Nikarudi gereji nikaivuta shuka. Vumbi likapanda, nikapiga chafya kama mbuzi. Kisha nikafanya kitu ambacho miaka yote ile sikuwahi kukifanya: nikazunguka meza nikakaa kwenye kiti chako.

Pakiteng, kumbe ulikuwa umenimaliza! Kutoka upande wangu nilikuwa naona ng'ombe wangu watatu wa ziada tu, nikafurahi kama mjinga. Kutoka upande wako mbwa amelala nyuma ya ng'ombe wa mwisho, na wachungaji wawili wamesimama penye korongo, pale pale anapopita fisi wangu. Hakuna dadu ya kumpitisha pale. Na fisi wako, je? Umembandika kwenye miiba ya boma langu, kimya, na mimi niliyeiotesha ile miiba kwa mikono yangu sikumwona. Hukusahau kitu. Zamu ilikuwa yako, na dadu ikikupa namba yoyote isipokuwa moja, umeshinda.

Nikakurushia. Ikatoka nne. Nikaiendeleza mechi mpaka mwisho, yako na yangu, bila kujipendelea. Nikawatoa ng'ombe wangu mezani, na yule dume wa pembe iliyopinda nikamtia mfukoni.

Sasa sheria ni sheria, na uliitunga wewe. Aliyeshindwa ndiye anayesimulia.

Nimerekodi leo asubuhi, vioo juu, mablanketi mlangoni. Dada yako ndiye aliyebonyeza simu. Neno la kwanza lilichukua muda mrefu hadi jogoo wa jirani akaniwahi, na yeye kaingia kwenye kipindi. Nilipofika kwenye "fisi" nikakwama kabisa. F-f-f. Nikataka kuzima. Hapo nikakumbuka kwamba katika miaka yote tuliyokaa humu ndani wewe hukuwahi kunimalizia neno, hata mara moja. Wengine wote wananimalizia, kwa huruma au kwa haraka zao, na mara nyingi wanamalizia lisilo langu. Wewe ulikuwa unangoja. Basi nikangoja na mimi, na neno likaja. Sikulikata. Wamelisikia lote kama lilivyo.

Nimewaambia kila kitu. Nimewaambia chaji haikuwa imekwisha siku ile.

Nilidhani watacheka. Dereva mmoja kajibu kwamba walisimamisha injini getini wasikie vizuri, na foleni ikawapita. Mama wa Mang'ola katuma sauti yake kwa mara ya kwanza, kumbe ana sauti nzito kuliko yangu: "Fundi, nimeacha kufunga magunia nikakungoja mpaka umalize. Jumapili unacheza na nani?"

Nacheza na dada yako. Amekwisha kukaa kwenye kiti chako, kaiosha shuka yako na kuitupia begani, na ametangaza kwenye kundi kwamba yeye hana huruma za kaka yake. Kwa hiyo nadhani nitakuwa msimulizi kwa muda mrefu.

Asante, Shemeji. Nilikuwa najiona bingwa, kumbe nilikuwa nabebwa. Uliibeba aibu yangu ukaigeuza kichekesho chako mwenyewe, mbele ya watu, Jumapili hadi Jumapili, wala hukuniomba nijue. Asante kwa mechi zote ulizoshindwa. Na hii moja uliyonishinda, asante zaidi.

Pumzika bila wasiwasi. Nimewarudisha ng'ombe wako bomani, wote kumi na wawili, na mlango nimeufunga kwa miiba.

Ni mimi uliyenishinda,
Pakiteng wako, mume wa dada yako