Mjomba, Maneno Uliyonifundisha Njiani

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua huko uliko hutaniitikia, ila siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Leo nimekukumbuka mno. Nilikuwa namenya ndizi, mwanangu Imelda ananivuta kanga, redio ya jirani ikapiga nyimbo za kwaya, na mikono ikaacha kazi yenyewe. Nikatuona tunashuka mlima kwenda gulioni Mkuyuni, mkungu wa ndizi begani kwako, mimi nyuma na kikapu cha mdalasini, nawe unaimba Kilatini kwa sauti ya kufukuza ndege.

Ulikuwa mwalimu wa kwaya pale parokiani, na Kilatini chako karibu chote kilitoka kwenye nyimbo za misa. Shule uliishia darasa la saba. Lakini uligundua kwamba maneno ya Kilatini na ya Kiingereza yana undugu, ukaona umepata dawa ya kufeli kwangu Kiingereza.

"Mpwa wangu, 'terra' ni nini?"

"Ardhi, Mjomba."

"Basi ukikuta 'territory' usikimbie. Humo ndani mna ardhi ya mtu. Na 'videte'?"

"Tazameni."

"Ehee! Sasa lile banda la video pale sokoni, unadhani jina walitoa wapi?"

Siku uliyoniambia 'panis' ni mkate, nikauliza kama 'panic', yaani taharuki, ni hali ya mtu aliyekosa mkate. Ukashusha mkungu katikati ya njia ukafikiri. "Yawezekana kabisa," ukasema. "Wewe ukikosa chai ya asubuhi, nyumba haikaliki." Niliandika jibu hilo shuleni, darasa zima likanicheka. Uliposikia ukasema, "Mwambie mwalimu wako njaa haijamfika."

Nilipopata mimba kidato cha pili, ukoo ukaitana. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lako. Nilikaa mkekani nimeinama, nangoja kusemwa. Ukasema tu, "Mtoto ni wetu. Na mama yake bado ni mwanafunzi, amepumzika kidogo." Kikao kikafungwa. Kisha ukaugua, ukaondoka kabla hujamshika Imelda.

Wiki chache baada ya kukuzika nilikwenda kliniki mjini. Milango mingi, na juu ya mmoja pameandikwa 'Antenatal'. Kina mama wanaulizana waingie wapi. Nikaliangalia lile neno taratibu. 'Natum' ya wimbo wako wa Krismasi, aliyezaliwa. Na 'ante' ulinionyesha kwenye saa yako, ile 'A' ya 'AM', kabla ya adhuhuri. Kabla ya kuzaliwa! Nikawaambia wenzangu, "Ni hapa." Nikatoa simu nikupigie. Namba yako ilikuwa bado imo. Nilibaki nayo mkononi mpaka nesi akaniita.

Sasa nasoma jioni, najiandaa na mtihani wa maarifa, ule unaotufungulia njia ya kidato cha nne sisi tulioacha shule. Kiingereza ndicho kinachonitisha. Imelda alishikwa na homa nikakosa vipindi vingi, na juzi mwalimu akaniambia kwa upole, "Mama Imelda, unaweza ku-postpone mpaka mwakani. Hakuna atakayekulaumu."

Nikamuuliza neno hilo limeundwaje. Akacheka, ila akanieleza: 'post' ni baada, hiyo nyingine ni kuweka. Kuweka baadaye.

Mjomba, nilitamani nikukimbilie nalo. Kwenye nyimbo zako sikuwahi kulikuta hilo. Ningekuuliza niweke au nisiweke, nawe ungeshusha mzigo ukafikiri.  Safari hii nilijibu mwenyewe.

"Hapana, mwalimu. Nafanya mwaka huu."

Mtihani ni Jumatatu. Imelda anabaki kwa jirani. Naogopa, lakini naingia. Ninachokiogopa zaidi ni kutoka. Nitatoka nje na maneno yote mageni ya karatasi ile, na mtu wa kwanza ninayetaka kumsimulia ni wewe.

Pumzika salama, Mjomba wangu.

Mpwa wako anayekukumbuka,
Mama Imelda